Kisiwani uamuzi hufanyika jua likiwaka: jibu kwa katibu wa kamati ya maafa, Kilwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji katika kisiwa kimoja cha wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Mwaka 2019 ndugu zetu wa Mtwara waliambiwa wahame pwani kwa ajili ya kimbunga Kenneth, wakahama, wasione kitu. Mwaka 2024 kikaja Hidaya; sisi hatukuhama, na Mungu akatunusuru. Sasa wazee wanasema matangazo hayana maana. Vijana wanataka tudai ukuta wa bahari. Na kuna mgeni alitueleza kwamba visiwa vidogo duniani vina mafungu yao maalumu ya fedha. Mfuko wa kijiji una shilingi milioni tatu na nusu tu. Tuanzie wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Fedha mliyonayo inatosha kuanza, kwa sababu jambo la kwanza halinunuliwi dukani. Kaeni kijiji kizima mkubaliane nani ataondoka kisiwani, lini, kwa chombo cha nani, na atafikia kwa nani, wakati bahari bado inapitika. Likishakaa sawa hilo, nendeni kwenye maji ya kunywa, halafu mapaa. Ukuta usubiri.

Nianze na wazee, maana wakikataa wao, kamati yako itabaki kuwa karatasi.

Kenneth kilipewa jina 23 Aprili 2019 kikiwa kaskazini mwa Madagaska. Usiku wa tarehe 24 kikapita kaskazini mwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Alasiri ya tarehe 25 kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kati ya Pemba na Mocímboa da Praia, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ng'ambo ya Ruvuma wakafa watu 45 na Komoro 7. Kisiwa cha Ibo, ambacho kwa mitaa yake ya mawe mtu wa Kilwa angejiona yuko kwao, hakikubakiwa na nyumba nyingi zenye paa. Kutoka Msimbati hadi pale kimbunga kilipopiga ni safari ya jahazi. Kusema Mtwara walihama bure ni kusahau jinsi kilivyopita karibu. Kimbunga kinachotembea kilomita elfu moja kikikosea njia kidogo tu, kinamwacha huyu na kumchukua jirani yake, na siku mbili kabla hakuna mtaalamu duniani anayeweza kusema kwa hakika ni yupi.

Tena Mtwara ilinusurika kwa sababu inayoeleweka, na naomba uieleze kwenye kikao ukiwa na kijiti unachora mchangani. Upande wetu wa dunia, kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Sasa weka kimbunga pwani yetu inayotazama mashariki. Upande wake wa kaskazini upepo unavuma kutoka bara kwenda baharini, unayasukuma maji yaondoke. Upande wake wa kusini unavuma kutoka baharini kuja nchi kavu, unayaleta maji na mawingu yote ya mvua juu yenu. Kenneth kiliingia kusini mwa Mtwara, kwa hiyo Mtwara ikawa upande wa nafuu. Hidaya kiliingia Mafia, 4 Mei 2024, na Mafia iko kaskazini mwenu. Ndiyo maana Kilwa na Lindi ndizo zilizonyeshewa mpaka barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, wakati kitovu chenyewe kilikuwa mbali nanyi. Mkisikia kimbunga kinaelekea Mafia au Rufiji, msipumue. Hapo ninyi ndio mko upande mbaya.

Manahodha wenu watapenda kanuni moja inayotoka humo humo: ukiupa upepo mgongo, kitovu cha kimbunga kiko mkono wako wa kulia. Upepo ukigeuka taratibu, ujue kitovu kinahama. Ukikatika ghafla katikati ya dhoruba, mbingu ikafunguka na watu wakaanza kutoka kuokota mabati, huenda kitovu kimekaa juu ya vichwa vyenu, na baada ya muda mfupi upepo utarudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili. Watoto wasitoke kabisa wakati huo.

Kuna na jambo la mwezi, ambalo sijasikia likisemwa sana na linaniumiza roho. Mnajua kwamba bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na maji mafu, yale madogo ya robo ya mwezi, ni bahari mbili tofauti. Kwenye pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inapita mita tatu. Kenneth kilikuja siku moja kabla ya robo ya mwisho ya mwezi, yaani maji mafu. Hidaya kilikuja mwishoni mwa Mfunguo Mosi, siku tatu baada ya robo ya mwisho, maji ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 8 Mei. Kimbunga hicho hicho kingechelewa siku tano tu, kingewakuta kwenye bamvua. Na kimbunga chenyewe huinua bahari: kila shinikizo la hewa linaposhuka kwa milibari moja, maji hupanda takriban sentimita moja, kisha upepo unaongeza yake na mawimbi yanapanda juu ya hayo yote. Juu ya maji mafu, nyongeza ya mita moja mtaiona kama bamvua la kawaida lililokuja siku isiyo yake. Juu ya bamvua lililojaa saa kumi alfajiri, mita hiyo hiyo inaingia vyumbani watu wamelala. Kwa hiyo kalenda ya mwezi iwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na siku mtakapopata taarifa ya kimbunga, swali la pili baada ya "kinaelekea wapi?" liwe "mwezi ngapi leo?"

Wazee wa Lindi wenye umri wa kukumbuka hawahitaji kuambiwa kwamba vimbunga hufika. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na watu 34 wakafa. Na Unguja, Aprili 1872, dhoruba ilivunja vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako dunia haiusukumi upepo uzunguke vizuri, na kwa sababu Madagaska imetukinga kwa mashariki na kusini. Lakini mlango uko kaskazini mwa Madagaska, na Kenneth na Hidaya vyote vilitumia mlango huo. Bahari ya Hindi imezidi kuwa ya moto, na bahari ya moto ndiyo chakula cha kimbunga. Msimu wake ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya kimetuonyesha kuwa hata Mei, kusi ikiwa imeshaanza kuvuma, hatuko salama.

Sasa nije kwenye saa. Hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa zake kwa ngazi tatu: Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, Tahadhari Kubwa kwa nyekundu. Mtu wa Nangurukuru akipata nyekundu bado ana miguu. Anaweza kupanda bodaboda akaenda kwa shemeji yake juu mlimani. Ninyi mkipata nyekundu, bahari imeshafungwa zamani. Jahazi na boti vilishazuiwa kutoka tangu jana yake, na nahodha atakayekubali kuwavusha wakati huo ndiye wa kuogopwa kuliko kimbunga. Vimbunga vinavyozaliwa huku kwetu vina ubaya wake: vinazaliwa karibu. Tangu Kenneth kipewe jina hadi kinatua, ni siku mbili. Hidaya kilianza kutangazwa 1 Mei, tarehe 4 kiko Mafia. Ukiondoa siku ambayo bahari haipitiki, mnabaki na siku moja au mbili za kufanya kazi, na siku hizo jua linawaka, maji yametulia, na kila mtu anaona kamati imechanganyikiwa.

Kwa hiyo ninyi wa visiwani hatua zenu zitangulie rangi moja. Wanachofanya bara kwenye chungwa, ninyi mfanye kwenye njano. Njano ikitoka, kamati inakutana siku hiyo hiyo, msikiti unatangaza, wavuvi wa dago, walioweka kambi mbali, wanapigiwa simu warudi. Siku hiyo hiyo wanaanza kuvushwa wale ambao kisiwa hakiwezi kuwasaidia mambo yakiharibika: mjamzito wa miezi minane na tisa, mgonjwa wa dawa za kila siku ambazo zahanati yenu haina, mzee wa kubebwa, mtoto mchanga. Chungwa ikitoka, vyombo vinapandishwa juu na kufungwa, maji yanajazwa, mapaa yanakaguliwa, na waliobaki wanajua nyumba watakazolala. Nyekundu ikitoka, hakuna chombo kinachoondoka. Mwenye kutaka kuvuka wakati huo azuiwe hata kama ni mwenyekiti.

Hesabu ya watu mnayo kichwani, lakini iandikwe. Kuba, ambayo ni taifa la kisiwa, ilipoteza watu zaidi ya elfu moja kwa kimbunga Flora mwaka 1963. Walichofanya baada ya hapo ni kupanga ulinzi wa raia mpaka ngazi ya mtaa: kila mtaa una watu wanaojua ni nyumba ipi ina kikongwe, ni ipi ina mlemavu, na nani ana jukumu la kumtoa. Kimbunga Irma kilipowapiga mwaka 2017 kwa nguvu za kutisha, walikufa watu kumi. Kumi ni wengi kwa familia zao, ila pima na mwaka 1963. Ninyi kazi hiyo mtaimaliza wiki moja kwa daftari la shilingi elfu mbili. Kila jina la mtu asiyejiweza liandikwe pamoja na jina la atakayembeba na jina la atakayembeba huyo asipokuwepo, maana mvuvi anaweza kuwa dago siku hiyo.

Kuna watu wasioandikwa kwenye madaftari. Desemba 2024 kimbunga Chido kilipoiendea Mayotte, kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro, taarifa zilitoka mapema, lakini iliripotiwa kwamba wengi waliokuwa kwenye vibanda vya mabati, Wakomoro wasio na karatasi, waliogopa kwenda kwenye makimbilio wakidhani watakamatwa. Visiwa vyenu vina wavuvi wageni wa kambi, wengine wametoka mbali, wengine hawaelewani na viongozi kwa mambo ya nyavu na vibali. Mtu aliyefukuzwa na kamati ya uvuvi juzi hataiamini kamati ya maafa leo, hasa ikiwa ni watu wale wale. Mwambieni mapema, mbele ya wenzake, kwamba siku ya kimbunga hakuna anayeulizwa leseni.

Na wazee wakisema "tutahama, kisije, tubaki kuchekwa", jibu lake ni kupunguza gharama ya kuhama. Kinachowaudhi watu ni kulipa nauli, kulala kwenye sakafu ya shule Masoko, na kurudi wakute kuku wameibwa. Kila kaya itakayovusha mtu ipange sasa hivi, kwa jina, familia itakayompokea Masoko au Somanga. Nauli ya wasiojiweza ilipwe na mfuko wa kijiji, makubaliano na wenye vyombo yaandikwe na kusainiwa wakati wa shwari, na sungusungu wabaki kulinda. Hapo kuhama mara tatu bure kutakuwa ni kutembelea ndugu mara tatu.

Maji sasa. Kimbunga huua kwa siku moja. Ukosefu wa maji baada yake unaweza kukihamisha kisiwa kizima.

Chini ya kisiwa cha matumbawe kuna tabaka la maji baridi linaloelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni yake inatisha kidogo: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita arobaini chini yake. Maana yake ni kwamba mkiyashusha maji hayo kwa nusu mita kwa kuyavuta kwa pampu, chumvi inapanda kutoka chini mita ishirini. Ndiyo sababu kisima kilichochotwa kwa ndoo miaka sitini kinaharibika mwaka mmoja baada ya kufungwa mashine kubwa. Na bahari inapanda. Tangu 1901 hadi 2018 wastani wa dunia ni sentimita 20. Kisha mawimbi ya dhoruba yakipita juu ya ardhi, chumvi inaingia kwa juu pia. Maldivi walipopigwa na tsunami ya Desemba 2004, visima vya visiwa vingi viliharibika siku ile ile, na kuna kisiwa, Kandholhudhoo, ambacho watu wake hawakurudi tena.

Jengeni ukingo wa visima uinuke hadi kiunoni, uwe na mfuniko unaofungwa. Bahari ikiingia kisimani, msikimbilie kukausha kwa pampu. Mtaivuta chumvi ya chini ije kukutana na ya juu. Chota maji ya juu taratibu, kidogo kidogo, na uipe mvua nafasi ya kusafisha.

Halafu vuneni mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Chukua darasa lenye paa la mita nane kwa ishirini: mvua ya milimita kumi, ambayo kwa Kilwa si mvua ya kusimulia, inatoa lita 1,600. Mvua tatu za namna hiyo zinakaribia kujaza tangi la lita 5,000. Kwa lita tatu za kunywa kwa siku, tangi hilo linawashikilia watu 300 kwa siku tano na nusu, na siku tano ndiyo muda ninaokusihi uupange. Hidaya kimeonyesha kwamba barabara ikikatika Somanga, malori ya kutoka Dar es Salaam yanalazimika kuzunguka Songea na Masasi, na ninyi bado mna bahari mbele. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike, yanaosha kinyesi cha kunguru na vumbi la paa. Tangi lifungwe kamba na likae limejaa msimu mzima, maana tangi tupu upepo unalichukua kama puto.

Kuhusu mapaa nitasema machache ila yashike. Upepo ukiongezeka mara mbili kasi, nguvu yake inaongezeka mara nne. Na paa haliangushwi chini, linanyonywa juu. Nyumba nyingi zetu fundi amehangaika paa lisidondoke, akasahau kulizuia lisiruke. Tazama mahali kenchi inapokaa juu ya ukuta: mara nyingi ni misumari miwili tu. Pale papitishwe nondo au waya wa kufungia nondo uliosokotwa, utoke kwenye linta upande mmoja wa kenchi, uivuke, urudi kwenye linta upande wa pili. Kazi hiyo fundi anaifanya darasa moja kwa siku chache na haihitaji kuezua. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa namna hiyo. Kwenye kingo za paa na kwenye pembe, msumari uwe kila mgongo wa bati, kwa sababu kimbunga huanza kumenya kwenye ukingo. Paa la baraza litengane na paa la nyumba, ili likienda liende peke yake. Mteremko wa pande nne hustahimili kuliko wa pande mbili. Kwa nyumba za makuti, tandazeni nyavu chakavu juu ya paa na mzikaze kwa kamba kwenye vigingi. Makuti yakiruka hayamkati mtu. Bati geji 30 likiruka linakata. Vanuatu, mwaka 2015, walipigwa na kimbunga Pam chenye upepo wa kilomita 250 kwa saa, na waliokufa hawakufika ishirini. Wengi walijisitiri kwenye nyumba za asili za miti na majani zilizoinama chini na kwenye majengo imara ya jumuiya. Chagueni majengo mawili tu kisiwani, shule na msikiti ikiwezekana, myatie nguvu hayo kwanza, kuliko kuigawa fedha nyumba kwa nyumba ikaisha kama chumvi kwenye maji.

Ukuta. Ninaelewa vijana wanaona mmomonyoko kila mwaka na minazi inayoanguka ufukweni. Malé, mji mkuu wa Maldivi, una ukuta uliojengwa kwa msaada wa Japani baada ya mafuriko ya bahari ya 1987, na umeusaidia. Lakini Malé ni mji uliojaa kila hatua kwenye kisiwa cha kilomita za mraba mbili hivi, wenye serikali, hospitali na hazina ya nchi ndani yake. Ukuta mfupi wa kijiji, uliojengwa kwa mawe na saruji kidogo, kazi yake huwa ni kurudisha wimbi, na wimbi lililorudishwa linachimba mchanga mbele ya ukuta na kwenye ncha zake. Baada ya misimu michache ufukwe umeisha, ukuta umeinama, na jirani wa pembeni ndiye aliyepoteza kiwanja.

Ukuta wenu mnao tayari, uko chini ya maji. Mwamba wa matumbawe ulio hai huvunja kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Kila tumbawe lililolipuliwa kwa baruti na kila tumbawe lililochimbwa kwenda tanuri la chokaa ni tofali limetolewa kwenye ukuta huo. Nasema hivyo bila kuuma maneno kwa sababu kwenye pwani ya Lindi na Mtwara tumeyaharibu sana wenyewe. Kisha kuna mikoko: mita mia moja za msitu wake hupunguza kimo cha mawimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea ulivyosongamana. Ila msipande mkoko kwenye mchanga mweupe kwa ajili ya kupiga picha na wafadhili. Utasombwa na bamvua la kwanza. Miti hiyo ina aina zake: mlilana hupenda mbele kabisa panapokutana na bahari, mkoko wenyewe hupenda tope laini la ndani, mchu na mkandaa hukaa kwenye ardhi iliyo juu zaidi. Mara nyingi kazi bora ni kuacha kukata, kufungua mkondo wa maji ulioziba, na kuuacha msitu ujipande.

Na nyumba zilizo ukingoni kabisa? Huko Fiji kijiji cha Vunidogoloa kilihamishwa chote mwaka 2014 kwenda ndani zaidi kwenye ardhi yao wenyewe. Ninyi anzeni na sheria ndogo ya kijiji: nyumba mpya isijengwe mbele ya mstari mtakaouweka, na anayejenga upya baada ya nyumba kuanguka arudi nyuma. Makaburi na miti ya zamani itawaonyesha bahari ilikuwa wapi.

Nimalizie la mgeni wenu na zile fedha. Alichosema kina ukweli, lakini hakiwahusu moja kwa moja. Tangu mkutano wa Rio wa 1992 Umoja wa Mataifa unayatambua mataifa ya visiwa vidogo yanayoendelea kama kundi la pekee. Mpango wao wa kwanza ulipitishwa Barbados 1994, na mkutano wao wa nne ulifanyika Antigua na Barbuda Mei 2024, mwezi ule ule wa Hidaya. Komoro, Ushelisheli na Morisi wamo. Zanzibar, Mafia, Songosongo hazimo, kwa sababu orodha ni ya mataifa. Sababu ya kundi hilo kuwepo ni nzito: kimbunga Maria kilipoipiga Dominica mwaka 2017, hasara ilikuwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka mzima. Nchi nzima ilipigwa usiku mmoja, hakukuwa na mkoa mwingine wa kuleta mahindi. Ninyi mna Dodoma na Ruvuma nyuma yenu. Mnafanana nao kwa bahari, mnatofautiana nao kwa mgongo.

Fedha za tabianchi zitawafikia kupitia serikali: Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na ule wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022. Mlango wenu ni mratibu wa maafa wa wilaya, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaitambua kamati ya kijiji, kwa hiyo unapomwandikia unaandika kama chombo cha sheria. Kinachowakosesha watu wa pwani fungu lao mara nyingi ni kukosa ushahidi. Baada ya dhoruba wataalamu wa tathmini huhesabu nyumba na ekari za mihogo. Mashamba ya mwani hayaonekani, yako chini ya maji, na ni ya kina mama. Msimu huu, kabla ya kimbunga chochote, hesabuni kamba za mwani za kila mama, ngalawa, nyavu na madema, mpige picha zenye tarehe, nakala moja ibaki wilayani. Na njano ikitoka, kina mama wavune mwani uliokomaa na kuanika chini ya paa, mbegu wazihamishie kwenye maji yenye kina. Mama asiye na mbegu baada ya dhoruba anaanza upya kwa kukopa.

Kwa milioni tatu na nusu zenu, basi: daftari na vikao ni bure. Tangi moja na mifereji ya paa la shule vitangulie, vikamilike kabla ya mvua za Novemba. Kisha nondo, waya na fundi wa kufunga mapaa ya shule na msikiti. Kisha redio mbili za sola, moja kwa katibu na moja kwa muadhini, kwa sababu mnara wa simu ukianguka mtabaki na redio. Kitakachosalia kiwekwe kando kama nauli ya wasiojiweza, kiandikwe hivyo kwenye muhtasari wa mkutano mkuu, kisiguswe kwa mazishi wala kwa mwenge. Kabla ya Desemba fanyeni zoezi moja la kweli: mtangaze njano asubuhi, mwone saa ngapi mzee wa mwisho kwenye daftari anakanyaga ufukwe wa Masoko. Niandikie saa hiyo, tuipime pamoja na muda ambao Kenneth kiliwapa Wakomoro.